Nyuma ya Pazia, Mbele ya Matini: Nafasi ya Habari za Utayarishaji katika Uhakiki wa Kipindi cha "The Prisoner of Benda"

Ikisiri

Makala hii inahakiki kipindi cha "The Prisoner of Benda" (2010) cha mfululizo wa katuni za Marekani uitwao Futurama, ambao ni futuhi ya kibunilizi ya kisayansi. Kipindi hiki kinajulikana zaidi kwa habari ya nyuma ya pazia, yaani kanuni ya hisabati ambayo mwandishi wake aliithibitisha ili kufungua fundo la msuko wake. Hoja yetu ni kwamba habari hiyo, ingawa ni ya kweli, imeufunika usomaji wa kipindi badala ya kuufungua. Tunapendekeza kigezo cha kutenganisha habari za utayarishaji zinazofungua matini, zinazoisindikiza na zinazoifunika. Kwa kutumia kigezo hicho tunaonyesha kwamba habari nyingine isiyosemwa sana, inayohusu mgawanyo wa sauti za waigizaji, ndiyo inayotufikisha kwenye kiini cha kipindi, ambacho ni uhusiano wa nafsi, mwili na usemi. Makala inahitimisha kwa kuonyesha umuhimu wa kigezo hicho katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili.

1.0 Utangulizi

Uhakiki wa kazi za sanaa umekuwa na mgogoro wa muda mrefu na mambo yaliyo nje ya matini. Wimsatt na Beardsley (1946) walionya dhidi ya kuifanya nia ya mwandishi kuwa hakimu wa maana. Barthes (1967) alikwenda mbali zaidi na kumtangaza mwandishi kuwa amekufa. Genette (1987) alirudi mlangoni kwa utulivu na kuonyesha kwamba matini haimfikii msomaji ikiwa tupu. Huja imezungukwa na kichwa, dibaji, mahojiano, barua na matangazo, mambo ambayo katika makala hii tutayaita matini pembezoni. Mjadala huo ulihusu vitabu. Kwa upande wa televisheni, tatizo limekua kwa kuwa pembezoni imekuwa pana kuliko uwanja wenyewe. Kipindi cha dakika ishirini na ushei hufuatwa na saa nyingi za maelezo ya watayarishaji, na mtazamaji wa leo huenda akayajua maelezo hayo kabla ya kukitazama kipindi.

Hali hii imeingia madarasani mwetu. Mwanafunzi anayetakiwa kuhakiki filamu huleta orodha ya mambo yaliyotokea wakati wa kuirekodi, akidhani amehakiki. Hatuwezi kumlaumu ikiwa hatujampa kigezo. Kumwambia asitazame kabisa nyuma ya pazia ni kumnyima maarifa ambayo wakati mwingine ni ya lazima, na kumwachia achukue kila kitu ni kumfanya karani wa bohari. Makala hii inatafuta njia kati ya ncha hizo mbili kwa kukichunguza kipindi kimoja ambacho sifa yake imejengwa, kwa kiasi kikubwa, na habari ya nyuma ya pazia.

2.0 Kipindi na Msuko Wake

Futurama ilibuniwa na Matt Groening na kuendelezwa pamoja na David X. Cohen. Ilianza kuonyeshwa mwezi Machi 1999. Hadithi yake inamhusu Fry, mpeleka piza wa New York aliyegandishwa na kuamka miaka elfu moja baadaye, akaajiriwa katika kampuni ya kusafirisha mizigo angani inayomilikiwa na Profesa Farnsworth. Wenzake ni Leela, nahodha mwenye jicho moja. Bender, roboti mwizi. Amy, mwanafunzi wa Profesa. Hermes, mtunza hesabu. Na Zoidberg, daktari mwenye umbo la kamba wa baharini. Kikundi cha waandishi wa mfululizo huu kilikuwa na idadi isiyo ya kawaida ya watu waliosomea sayansi. Cohen mwenyewe alisomea fizikia na sayansi ya kompyuta, na Ken Keeler, aliyeandika kipindi tunachokihakiki, ana shahada ya uzamivu katika hisabati tumizi kutoka Chuo Kikuu cha Harvard.

"The Prisoner of Benda" kilionyeshwa tarehe 19 Agosti 2010. Farnsworth na Amy wanaunda mashine ya kubadilishana akili na kuijaribu wao kwa wao. Profesa anautaka ujana, naye Amy anataka kula bila kujizuia. Wanapotaka kurudi walikotoka, wanagundua kwamba miili miwili ikishabadilishana haiwezi kubadilishana tena. Kuanzia hapo kila mmoja anaingia mashinani kwa haja yake. Bender anauchukua mwili wa Amy ili akaibe taji la Kaisari wa roboti, na baadaye anaishia katika mwili wa Kaisari mwenyewe. Profesa, akiwa katika mwili wa Bender, anakimbilia sarakasi ya roboti. Leela anajikuta katika mwili wa mzee Farnsworth na kumshuku Fry kwamba anampenda kwa umbo tu. Fry naye anaingia katika mwili wa Zoidberg ili kumjaribu. Hata ndoo ya roboti ya Scruffy, msafishaji wa ofisi, inapata mwili wa kibinadamu na kutangaza mapenzi yake kwa bwana wake. Mwishowe akili tisa zimo katika miili tisa isiyo yao, na hapo wanaingia wachezaji wawili wa Globetrotters, wanamichezo ambao katika ulimwengu wa mfululizo huu pia ni wanasayansi. Wanaandika uthibitisho ubaoni, wanajitolea miili yao kama vituo vya kupitia, na kila akili inarudi kwake.

3.0 Kigezo: Kufungua, Kusindikiza na Kufunika

Tunapendekeza kwamba habari yoyote ya utayarishaji iulizwe swali moja: je, ikiondolewa, kuna kitu ndani ya matini ambacho hatutakiona au tutakielewa vibaya? Jibu likiwa ndiyo, habari hiyo inafungua matini. Jibu likiwa hapana, lakini habari yenyewe haidhuru, inaisindikiza tu, kama mwenyeji anavyomsindikiza mgeni hadi njia panda. Iwapo habari inachukua nafasi ya matini, kiasi kwamba anayeijua huona hana haja ya kutazama, basi inaifunika.

Kichwa cha kipindi ni mfano wa aina ya kwanza. Kinaigiza kichwa cha riwaya ya Anthony Hope, The Prisoner of Zenda (1894), ambamo Mwingereza anayefanana sana na mfalme wa nchi ya kubuni anaketi kitini pake. Asiyeijua riwaya hiyo atacheka, lakini hataona upinduzi uliofanywa. Kwa Hope, miili miwili inafanana na nafsi zinatofautiana, na udanganyifu unafaulu kwa sababu dunia inausadiki uso. Kwa Keeler, Bender anaketi kitini pa Kaisari bila kufanana naye hata kidogo, kwa sababu ameuvaa mwili wenyewe. Mwingilianomatini huu unatwambia mapema kwamba kipindi kitauliza kama kuna kitu kinachobaki kwa mtu baada ya uso wake kuondoka.

Tuzo ambayo kipindi kilipata mwaka 2011 kutoka Chama cha Waandishi cha Marekani ni mfano wa aina ya pili. Ni habari njema, lakini haibadilishi usomaji wa tukio hata moja.

4.0 Kanuni ya Keeler: Habari Inayofunika

Habari mashuhuri kuliko zote ni ya kanuni. Keeler alijikuta amewavuruga wahusika wake chini ya sharti kali, na akatafuta njia ya kuwarudisha isiyolivunja sharti hilo. Alithibitisha kwamba, hata mvurugo uwe wa namna gani na wa watu wangapi, watu wawili ambao hawajawahi kuingia mashinani wanatosha kumrudisha kila mmoja kwake. Uthibitisho huo unaonekana ubaoni kwa muda mfupi sana kwenye skrini. Simon Singh aliueleza katika kitabu chake cha mwaka 2013 kuhusu hisabati katika katuni za The Simpsons na Futurama. Mwaka 2014 wanahisabati Evans, Huang na Nguyen walichapisha katika American Mathematical Monthly makala iliyoboresha njia yake.

Uzuri wa kanuni hii unaweza kuonwa bila alama za hisabati. Tuanze na Farnsworth na Amy. Tukimwongeza mtu mmoja tu, zinapatikana jozi tatu za miili, na moja imekwisha kutumika. Kila mbadilishano hugeuza hali ya mpangilio kutoka shufwa kwenda witiri au kinyume chake, na mpangilio wa asili ni shufwa. Baada ya mbadilishano wa kwanza, kurudi kunahitaji mibadilishano witiri, yaani mmoja au mitatu, ilhali jozi zilizobaki ni mbili. Jozi moja peke yake hairudishi kitu, na zote mbili kwa pamoja zinatuacha upande usiofaa. Kwa hiyo mtu mmoja hatoshi. Wakiwa wawili, njia inafunguka. Katika kipindi, mvurugo una mizunguko miwili. Mmoja ni wa Fry na Zoidberg, na mwingine ni wa wahusika saba waliosalia. Kila mzunguko unahitaji idadi ya wahusika wake na nyongeza ya mibadilishano miwili, yaani minne kwa wa kwanza na tisa kwa wa pili. Jumla yake ni mibadilishano 13. Kila mzunguko unapokamilika, wasaidizi wawili wanabaki wamebadilishana wao kwa wao. Kwa kuwa mizunguko ni miwili, nao pia wanarudi katika hali yao.

Hayo yote ni ya kuvutia, na hatukusudii kuyadharau. Swali letu ni yanamwambia nini mhakiki. Tukitumia kigezo chetu, jibu linapungua. Mtazamaji asiyejua kwamba uthibitisho ubaoni ni wa kweli anaielewa hadithi sawasawa na anayejua: wageni wenye akili wamekuja, wameandika, wameokoa. Kwa lugha ya nadharia ya drama, ni yuleyule mungu anayeshushwa jukwaani kwa mashine ili kufungua fundo. Tofauti ni kwamba safari hii mungu amekuja na uthibitisho.

Kwa upande mwingine, kanuni imeuzoesha usomaji uvivu. Simulizi ya kipindi hiki sasa husimuliwa kama simulizi ya mwanahisabati aliyefanya kazi ya televisheni. Leela, Fry na ndoo wamekuwa herufi zinazohamishwa kutoka safu moja ya jedwali hadi nyingine. Hiyo ndiyo maana ya kufunika.

Hata hivyo, kuna njia ya kuirudisha kanuni ndani ya uhakiki, nayo ni kuitazama kama jambo la utanzu. Futuhi ya mfululizo ina sharti lake la zamani: kipindi kikiisha, kila mtu awe pale alipokuwa kilipoanza, ili wiki ijayo hadithi nyingine iweze kusimuliwa. Kanuni ya Keeler ni sharti hilo lililopewa uthibitisho. Inasema kwamba hakuna mvurugo usiorekebishika ilimradi wapatikane wawili wasioguswa nao. Lakini kinachorejeshwa na hisabati ni mahali pa akili tu. Leela aliyejua woga wake ni upi, na Fry aliyeona penzi lake likipimwa, hawawezi kurudishwa wasikojua. Kipindi kinamaliza hesabu kwa kasi na kuliacha deni hili bila kulitaja. Hapo ndipo tunapoona upungufu wake: mwisho wake ni mkamilifu kwa mwanahisabati kuliko kwa msimulizi.

5.0 Koo Moja, Nafsi Mbili

Kuna habari nyingine ya utayarishaji ambayo haijapewa uzito huo. Watayarishaji wa hadithi za kubadilishana miili wana uamuzi mmoja wa kufanya: sauti ifuate akili au ibaki na mwili? Katika kipindi hiki sauti inabaki na mwili. Bender anapokuwa ndani ya Amy, anayesikika ni Lauren Tom, mwigizaji wa Amy, akisema kwa jeuri ya Bender. Profesa anapokuwa ndani ya Bender, tunamsikia John DiMaggio, ambaye ndiye sauti ya Bender, akiigiza ukongwe wa Farnsworth.

Uamuzi huo ni wa kiisimu kabla haujawa wa kiufundi. Unamwondolea mtazamaji alama mbili anazozitegemea sana kumtambua msemaji, yaani umbo na rangi ya sauti, na kumwachia moja tu, nayo ni lahaja nafsi: mazoea ya mtu ya kuchagua maneno, kupanga sentensi, kutukana, kusitasita. Inafaa kulinganisha na desturi ya uganga wa pepo katika mwambao wetu, ambapo mtu aliyepandwa huitwa kiti. Hapo hadhira humtambua pepo kwa kuwa sauti na mara nyingine hata lugha hubadilika, na mwili ndio unaobaki. Kipindi kinakwenda kinyume: kiti kinabaki na sauti yake, na aliyekikalia anatambulikana kwa mwendo wa usemi peke yake.

Sasa tuitazame hadithi ya Fry na Leela kwa habari hiyo. Leela yumo katika mwili wa Farnsworth, naye Fry yumo katika mwili wa Zoidberg. Katika miili hiyo miwili inayochukiza ndimo penzi lao linamofikia kilele chake. Nyuma ya pazia, Farnsworth na Zoidberg wote wanaigizwa na mtu mmoja, Billy West, ambaye pia ndiye sauti ya kawaida ya Fry. Maana yake ni kwamba mazungumzo ya wapenzi wawili wanaopimana kama wanapendana kwa mwili au kwa nafsi yanatoka katika koo moja. Sauti ya kike ya Leela, ya mwigizaji Katey Sagal, haimo kabisa.

Tukiiuliza habari hii swali letu, jibu ni ndiyo. Bila kuijua, tunaona kichekesho cha maumbo mabaya yanayobusiana. Tukiijua, tunasikia jambo lililofanywa na matini yenyewe: swali la Leela limejibiwa kwa kitendo. Yeye ameuliza kama kuna Leela nje ya mwili wake. Mwigizaji asiye yeye, kwa sauti isiyo yake, ameweza kutufanya tumsikie, na hatukuwahi kumchanganya na Fry aliyekuwa akisema kwa koo hilohilo. Kwa hiyo, kwa mujibu wa kipindi hiki, nafsi ni namna ya kusema. Hiyo ni dhamira nzito kwa futuhi, na haikuandikwa ubaoni.

6.0 Nafsi na Upatanisho wa Kisarufi

Mhakiki anayekieleza kipindi hiki kwa Kiswahili anajikuta na nyenzo ambazo mhakiki wa Kiingereza hana. Kwanza, neno nafsi kwetu hubeba maana ya uhai wa ndani wa mtu na pia ni istilahi ya sarufi: nafsi ya kwanza, ya pili na ya tatu. Hapa maana hizo mbili zinakutana, kwa kuwa wahusika wamebaki na nafsi zao kwa sababu tu wanaendelea kusema "mimi" kwa namna zao.

Pili, Kiingereza kinamlazimisha msimulizi kuchagua kiwakilishi cha kike au cha kiume, hivyo aamue kama Leela katika mwili wa Farnsworth afuate jinsia ya akili au ya mwili. Kiambishi a- cha Kiswahili hakitudai uamuzi huo. Kinatudai mwingine. Ndoo ya Scruffy, kwa upatanisho wa ngeli yake, imejaa na imemwagika. Lakini ndoo iliyopenda inatusukuma kusema Ndoo alimpenda bwana wake. Kuhama kutoka i- kwenda a- ni kukiri kwamba kitu kimeingia katika jamii ya wenye uhai. Ngano zetu zimefanya hivyo karne nyingi kwa mawe na miti. Msomaji arudi kwenye muhtasari uliotolewa katika sehemu ya 2.0: pale tuliandika kwamba ndoo inapata mwili na kutangaza mapenzi, kwa upatanisho wa kitu. Je, ilistahili i- hata baada ya kupata mwili wa Amy? Futuhi inacheka kwa sababu Scruffy anakabiliwa na swali hilohilo kwa lugha yake, na sarufi yetu inalionyesha waziwazi katika silabi moja.

Tatu, kimilikishi -ake hakisemi ni cha nani. Sentensi "Leela alimwona Farnsworth katika mwili wake" ina tafsiri mbili, na katika hadithi hii zote mbili zinawezekana. Utata ambao kwa kawaida mwalimu wa lugha huusahihisha kwa wino mwekundu, hapa ni maelezo sahihi ya hali ya mambo.

7.0 Kigezo katika Fasihi ya Kiswahili

Thamani ya kigezo haijulikani mpaka kijaribiwe kwingine. Riwaya ya Katama Mkangi, Walenisi (1995), inafaa kwa kuwa nayo inatumia chombo cha anga kumfikisha mhusika wake, Dzombo, katika jamii nyingine. Inajulikana kwamba mwandishi aliwekwa kizuizini nchini Kenya katika miaka ya 1980. Je, habari hiyo inafungua au inafunika? Kwa maoni yetu inafungua mahali mahususi: Dzombo anapandishwa chomboni kama adhabu ya mkosaji wa utawala, na mwenye kujua historia ya kizuizini anaipima hukumu hiyo kwa uzito wake halisi. Lakini ikiwa habari hiyo itatumika kuigeuza riwaya nzima kuwa wasifu uliofichwa, itaifunika, maana jina Walenisi linajifumbua lenyewe kuwa "wale ni sisi", na fumbo hilo halihitaji faili la polisi ili lieleweke. Habari ileile, basi, inaweza kufungua sura moja na kuifunika riwaya. Kigezo hakiwi muhuri unaogongwa mara moja, bali ni swali linalorudiwa katika kila tukio.

8.0 Hitimisho

Makala hii imeonyesha kwamba umaarufu wa habari ya nyuma ya pazia haulingani na manufaa yake kwa mhakiki. Kanuni ya Keeler ni kazi halisi ya akili na inastahili nafasi yake katika hisabati. Katika uhakiki, manufaa yake yanaanza pale tu inapotazamwa kama sharti la utanzu lililothibitishwa, na mipaka yake inaonekana pale inaporudisha akili mahali pake na kuyaacha maarifa ya wahusika bila makao. Habari ya Billy West, ambayo ni ya kawaida kwa wafanyakazi wa katuni, imetufikisha mbali zaidi, kwa sababu inahusu kitu kinachosikika ndani ya kipindi chenyewe.

Kwa walimu wa uhakiki, pendekezo letu ni la kivitendo. Mwanafunzi akileta habari ya utayarishaji, aombwe kutaja tukio, mstari au sauti katika matini ambayo habari hiyo inaibadilisha. Akiweza, ameanza kuhakiki. Asipoweza, habari hiyo aihifadhi kwa mazungumzo ya barazani, ambako pia ina heshima yake.